Siku Tisa Nilizomnyima Mdogo Wangu

Nina umri wa miaka ishirini na mitano. Naishi Guildford, magharibi mwa Sydney, katika nyumba ndogo ambayo mwaka jana tulikuwa watu watatu. Leo niko peke yangu.

Shule yangu iliishia darasa la saba, kambini Kigoma. Naandika polepole, na kuongea mbele za watu ni kazi kubwa kwangu. Hata kwenye treni mtu akinisalimia, jibu hunijia akiwa amekwisha kushuka. Mkasa huu nimeuandika kidogo kidogo, wakati wa mapumziko ya chakula kwenye ghala ninalofanyia kazi huko Smithfield, nimekaa juu ya paleti tupu. Naandika mstari, nasimama, natembea hadi getini, narudi. Siwezi kutulia tangu mambo haya yatokee.

Wasomaji wenzangu, mtanihukumu. Ni haki yenu. Lakini nisomeni mpaka mwisho.

Sisi ni watu wa Kivu, Kongo. Vita vilitutupa Tanzania nikiwa mdogo. Kambini tulikuwa Mama, Bibi, mimi na mdogo wangu wa kike, Furaha. Nilipokuwa na miaka tisa na Furaha mitano, jina la Mama lilibandikwa ubaoni kwamba ameitwa Australia. Karatasi ilikuwa na majina mawili tu. La Mama na la Furaha. Langu halikuwemo!

Nakumbuka siku ya basi. Furaha alivaa viatu vipya vyekundu. Mama alinishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Papa, nitakuja kukuchukua." Alikuwa ananiita Papa, yaani Baba, kwa sababu nilirithi jina la baba yake. Kisha basi likaondoka... nami nikabaki na Bibi.

Ilimchukua miaka kumi na moja kunichukua. Kumi na moja! Bibi alikuwa amekwisha kufariki. Nilishuka uwanja wa ndege wa Sydney nikiwa na miaka ishirini, na ndevu, na nikamkuta mama mfupi kuliko yule niliyemkumbuka. Pembeni yake amesimama msichana mrefu aliyenikumbatia na kunisalimia kwa Kiingereza.

Kwa nini aliniacha? Sikuuliza. Naye hakusema. Tuliishi nyumba moja miaka minne, swali likiwa limekaa mezani kama mtu wa nne.

Furaha hakuwa na kosa lolote. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa anaelewa Kiswahili chote, ila alijibu Kiingereza, kama watoto wengi waliokulia hapa. Mama alikuwa anahudumia wazee huko St Marys, na Kiingereza chake kilikuwa cha kazi tu: kaa, inuka, kunywa dawa. Kwa hiyo, Furaha akiongea, mimi nilimtafsiria Mama. Kiingereza changu nacho ni cha kuokoteza, lakini kilitosha. Nyumbani kwetu maneno ya binti kwenda kwa mama yake yalipitia kinywani mwangu. Shikeni neno hilo, maana hapo ndipo dhambi yangu ilipopita.

Mwaka jana Furaha, akiwa mwaka wa pili chuo kikuu, alichaguliwa kwenda Uingereza, mji wa Leeds, kusoma muhula mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Kanisa zima lilishangilia! Mama alipika sombe, yaani kisamvu, na samaki, watu wakala hadi uani. Mama Esperansi, Mrundi mmoja rafiki yake Mama anayefanya naye kazi, alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani.

"Mtoto wa kambi anaenda kwa mfalme!" akasema. "Furaha, ukimwona mwambie sisi hapa Guildford tunamwomba atupunguzie kodi ya nyumba!"

Watu walicheka. Nami nilicheka. Lakini moyoni nilikuwa najiuliza, huyu anachaguliwa mara ngapi? Karatasi ya kwanza ilikuwa na jina lake. Ya pili pia. Mimi nakunja maboksi na kubandika lebo.

Alipofika Leeds tulizoea kuongea kila Jumapili saa moja jioni, kule kwao ikiwa asubuhi. Alituonyesha chumba chake kwenye simu, dirisha linalotazama ukuta wa matofali, na jiko wanalotumia wanafunzi sita ambalo kila mtu ameandika jina lake kwenye maziwa yake. Alisema baridi inaingia hadi kwenye meno, na kwamba jua linazama kabla hujamaliza chai ya alasiri. Mama alicheka sana habari ya maziwa.

"Mwambie aandike na kwenye mkate," alisema.

Kisha Mama akaanza kuumwa tumbo. Alinyamaza wiki nyingi, akifunga kitenge kwa nguvu na kwenda kazini. Macho yalipogeuka manjano ndipo Mama Esperansi alipomkokota hospitali. Daktari alizungumza nasi kupitia mkalimani, sauti ya mwanamke iliyotoka kwenye spika ya simu. Sauti ile ilikuwa ya upole, Kiswahili safi kabisa. Ilisema saratani, imeanzia kwenye kongosho, imefika kwenye ini.

Mama alisikiliza, akashukuru. Tulipotoka tu akasema, "Furaha asijue."

Msishangae. Wengi wenu mnaijua desturi hii. Kwetu, mtu aliye masomoni mbali haambiwi ugonjwa. Anaambiwa wote wazima. Hata msiba unafichwa mpaka amalize mtihani, au mpaka ashuke kwenye ndege akute viti vya kukodi vimepangwa uani. Tena habari ya namna hiyo haitolewi na kila mtu. Inatolewa na mkubwa wa nyumba. Baba yetu alikufa vitani, kwa hiyo mkubwa wa nyumba nilikuwa mimi. Kanisani wote walijua, na wote walinyamaza wakisubiri niseme mimi.

Basi kila Jumapili tulifanya mchezo. Mama alivaa wigi, akapaka poda, akakaa dirishani ili mwanga wa jioni ufiche rangi ya macho. Mimi nilishika simu kwa mbali. Akimaliza kuongea, nilimbeba kumrudisha kitandani. Alikuwa mwepesi... mwepesi kama gunia la pamba.

Furaha hakuwa mjinga. Siku moja alinitumia ujumbe mimi peke yangu. Aliuliza kwa Kiingereza, "Kaka, Mama anaumwa? Niambie ukweli. Nitarudi."

Nikajibu kwamba Mama ni mzima, ana mafua tu.

Mpaka hapo nilikuwa natii amri ya mama yangu. Laiti mkasa ungeishia hapo!

Jumatatu moja Mama alilazwa. Alhamisi daktari akaita tena ile sauti ya kwenye spika. Sauti ikasema kwamba siku zilizobaki si nyingi, na kama kuna ndugu walio mbali, waitwe sasa. Mama alivuta shuka hadi kifuani. Kisha akanitazama.

"Papa," alisema. "Mwite mdogo wako. Masomo yatamngoja."

Nilitoka hadi koridoni. Nikachukua simu. Namba ya Furaha ilikuwa juu kabisa. Kidole changu kilikuwa tayari...

Sikupiga.

Kwa nini? Nimejiuliza mara elfu, huku nikitembea, maana nikikaa siwezi hata kufikiri. Jibu ni hili, na linanitia aibu. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimeomba likizo kazini ili nimuuguze Mama. Nilimlisha uji kwa kijiko. Alikataa kula kwa mkono wa nesi, akala kwa mkono wangu. Alinisimulia habari za babu niliyerithi jina lake, jinsi alivyokuwa mwoga wa kuku. Mama yangu alikuwa wangu! Mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka tisa, nilikuwa naye bila mtu mwingine katikati. Na nilijua kwamba Furaha akitokea pale mlangoni na koti lake la Uingereza, macho yote ya Mama yatahamia kwake.

Nikasema moyoni, nitapiga kesho. Nipeni siku moja tu.

Niliporudi ndani Mama aliuliza, "Amesemaje?"

Wasomaji wenzangu, hapa nimesimama, nimefika getini, nimerudi. Nilimjibu mama yangu mgonjwa, "Anasema ana mitihani, Mama. Atakuja ikiisha."

Mama hakulia. Alisema, "Haya. Mtoto asome." Akageuza uso ukutani.

Uongo ule ulitoka bila kukwama, mimi ninayekwama hata kwenye salamu!

Kesho yake sikupiga. Kesho kutwa pia. Kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu, maana sasa ningepiga na kusema nini? Kwamba nilichelewa kwa sababu gani? Nilizunguka hospitali ile kama mtu aliyepoteza funguo. Nilishuka hadi maegesho ya magari, nikapanda, nikashuka tena. Mijakaranda ilikuwa imechanua barabarani, maua ya zambarau yamejaa juu ya magari, nami nilikuwa nayakanyaga nikienda na kurudi na simu mkononi. Furaha alituma ujumbe, akatuma tena. Niliandika, "Mama amelala." Jumapili ilipofika nilimwambia kamera imeharibika, tuongee wiki ijayo.

Siku ya tano Mama aliniomba kitu.

"Kama hawezi kuja, nitasema naye kwa sauti. Washa hicho kinasa sauti chako. Halafu utoke, Papa. Haya ni maneno yangu na yake."

Niliwasha, nikaiweka simu kifuani pake, nikatoka. Alichukua muda mrefu. Nilitembea koridoni mpaka mfanya usafi akaniuliza kama nataka kukaa. Niliporudi, Mama alikuwa amefumba macho, amechoka, lakini uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku zote.

"Tuma," alisema.

Sikutuma. Ningetumaje? Furaha angesikia sauti ile iliyokwisha na angejua kila kitu. Wala sikuisikiliza. Niliogopa. Niliamini kwamba humo ndani Mama alikuwa anamwambia Furaha yale ambayo mimi hakuwahi kuniambia. Yaani kwamba wewe ndiye niliyekuchagua.

"Umetuma?" aliniuliza jioni.

"Nimetuma, Mama."

"Amesema nini?"

"Amesema... anakupenda."

Alitabasamu. Tabasamu lile ndilo linaloniamsha kitini hadi leo.

Siku ya tisa asubuhi, nikiwa nakoroga uji, Mama aliacha kupumua. Taratibu tu. Nilikuwa bado nimeshika kijiko.

Ndipo nilipompigia Furaha. Nilimwambia Mama amefariki ghafla. Kutoka upande wa pili nilisikia kitu kikianguka. Siku mbili baadaye alishuka uwanja wa ndege na begi dogo la mgongoni, nguo zilezile alizokuwa amevaa nilipompigia. Siku mbili! Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Nyumba ilikuwa imejaa watu. Viti vya kukodi vilikuwa uani, kama desturi inavyotaka. Furaha alikaa kwenye mkeka, amefungwa kitenge cha Mama kichwani. Mama Esperansi alikuwa anagawa chai. Alipofika kwake alisimama na birika mkononi. Yule mama ana moyo mzuri, ila kinywa chake hakina mlango.

"Kunywa, binti. Kunywa, umetoka mbali." Kisha akashindwa kujizuia. "Lakini na wewe, Furaha! Mitihani gani hiyo? Mama yako alikuita siku tisa nzima, kila nikimtembelea anatazama mlango!"

Furaha aliinua kichwa. Akauliza kwa Kiingereza, mitihani gani?

"Si ulimwambia kaka yako huwezi kuja mpaka umalize mitihani?"

Furaha alisema mitihani yake ni Januari. Alisema hakuna aliyemwita. Alisema alimwuliza kaka yake, akaambiwa mafua, na kwamba angekuja siku hiyohiyo. Aliongea Kiingereza haraka haraka, na Mama Esperansi akanigeukia kama watu walivyozoea.

"Anasemaje? Wewe, tafsiri!"

Uani kote viti viligeuzwa. Watu walinitazama wakisubiri nifungue kinywa, kazi yangu ya siku zote. Nami safari hii nilitafsiri neno kwa neno. "Anasema hakuna aliyemwita. Anasema aliniuliza, nikamwambia mafua. Anasema... angekuja siku hiyohiyo."

"Mungu wangu," alisema Mama Esperansi. Akaweka birika chini. "Kijana, ulifanya nini?"

Niliingiza mkono mfukoni, nikatoa simu, nikampa Furaha. Nikamwambia Mama alimwachia maneno, yamo humo, sikumtumia. Alibonyeza hapohapo, mbele za watu wote, na sauti ya mama yangu ikatoka.

Nilisikia mara hiyo moja tu. Nitaandika ninayoyakumbuka.

Alimsalimia. Alimwambia asome, ale vizuri, avae soksi mbili. Kisha akasema hivi: "Furaha, nisikilize habari ya kaka yako. Kambini Bibi alikuwa peke yake kwenye kadi yake ya chakula, na posho ya mtu mmoja haikumtosha. Nikamwandikisha Papa kwenye kadi ya Bibi ili wapate posho ya watu wawili. Nilifikiri ni karatasi ya chakula tu. Jina letu lilipoitwa, wazungu wakasema mtoto huyu ni wa yule mzee, si wako. Nilikataa kuondoka. Bibi akanifukuza, akasema nenda na huyu, ukifika utampigania yule. Nimepigana miaka kumi na moja, mpaka wakapima damu yangu na yake. Sijawahi kumweleza. Namwonea aibu. Kila nikimwona anakunja maboksi naona ni mimi niliyemkunja. Mimi nikiondoka, mpeleke shule. Anaandika polepole, lakini anaandika vizuri. Umwambie sikumwacha. Wewe una maneno mengi, mimi yananishinda."

Basi. Hayo ndiyo maneno niliyoyaficha! Jibu la swali langu la miaka kumi na tano lilikuwa mfukoni mwangu, likitembea nami koridoni, likishuka nami hadi kwenye magari, nami nilikuwa nalilinda lisimfikie mtu aliyetumwa kuniletea. Mama angekuwa bado hai ningepiga magoti kitandani kwake na kumwambia, sina kinyongo, Mama, ilikuwa kadi tu! Alikufa akinionea aibu. Na alikufa akidhani binti yake alichagua mitihani.

Furaha aliituma ile sauti kwenye simu yake. Halafu akaifuta kwenye yangu. Nilimwona akifuta. Akanirudishia simu na kusema kwa Kiswahili, mara ya kwanza kunisemesha kwa Kiswahili tangu nifike Sydney, ingawa kilivunjika:

"Sauti ya Mama ni wangu sasa."

Baada ya maziko alirudi Leeds kumaliza muhula. Aliporudi Sydney hakuja Guildford. Nasikia amepanga na wanafunzi wenzake, sijui mtaa gani, na watu wa kanisani wamekatazwa kunieleza. Namwandikia kila Jumapili saa moja jioni. Anasoma, naona alama za kusomwa. Hajibu.

Nimejiandikisha darasa la Kiingereza kila Jumamosi. Mwalimu anasema nisiharakishe. Nakaa kiti cha karibu na mlango kwa sababu miguu yangu bado haijatulia.

Ndugu zangu mnaoishi ugenini, na ninyi mliopeleka watoto mbali kusoma, nawaomba. Acheni desturi hii ya kusema wote wazima! Mtihani unarudiwa. Muhula unarudiwa. Mtu aliye mbali ana haki ya kulia kwa wakati wake, na ana haki ya kuchagua kurudi. Na kama ni wewe uliyepewa simu, uliyeaminiwa kufikisha maneno ya watu wawili wanaopendana, yafikishe leo, hata kama moyo wako una kidonda. Kama kuna jambo unataka kumwuliza mama yako, muulize akiwa anakula. Usikae nalo miaka minne.

Nina ombi moja la mwisho. Furaha hasomi Kiswahili vizuri, herufi zinamchanganya. Lakini akisikia anaelewa kila kitu. Kama kuna msomaji anayemjua, msichana mrefu wa Kikongo aliyewahi kusoma Leeds, usimpe gazeti hili.

Msomee. Msomee mkasa huu polepole, kama nilivyouandika.